Chenisoo ya Ukubwa Gani kwa Mti Gani: Mwongozo Kamili kwa Wakulima na Wapasua Mbao wa Uganda

Ukiingia dukani Arua, Mbale au Kampala kutafuta chenisoo, yaani msumeno wa injini, swali la kwanza utakaloulizwa ni "inchi ngapi?" Muuzaji anauliza urefu wa upanga, ule ubapa wa chuma unaobeba cheni. Kumbe swali hilo lilipaswa kuwa la mwisho. Upanga unabadilishwa kwa dakika chache, lakini injini utakaa nayo miaka. Vijana wengi hununua mashine yenye injini ndogo iliyofungwa upanga wa inchi 22 kwa sababu inaonekana ya kazi, na baada ya muda mfupi pistoni imekwaruzika, fundi anadai silinda mpya, na fedha ya mtaji imekwisha.

Utaratibu unaofaa ni huu: jua miti yako, jua kazi yenyewe, chagua injini, kisha upanga na cheni. Tuende hatua kwa hatua.

Pima miti kabla ya kugusa pochi

Chukua futi ya fundi cherehani, au kamba ya katani utakayoipima baadaye, uizungushe kwenye shina pale utakapokata. Sentimita utakazopata zigawe kwa 8. Jibu ni kipenyo cha mti kwa inchi. Mkaratusi wenye mzunguko wa sentimita 96 una kipenyo cha inchi 12. Mwembe wenye mzunguko wa sentimita 240 una inchi 30. Hesabu hii inakubali kwa sababu inchi moja ni sentimita 2.54, ukizidisha kwa 3.14 unapata karibu 8 kamili.

Pima miti mingi ya shamba lako, au ya eneo unalofanyia kazi, na uandike. Utaona namba zinarundikana mahali fulani. Labda miti mingi iko kati ya inchi 8 na 14, na kuna mmoja au miwili ya inchi 30. Nunua mashine kwa ajili ya ile mingi. Mti mkubwa unaokutana nao mara moja kwa mwaka usikufanye ubebe chuma kizito siku zote nyingine.

Kanuni ya upanga ni kwamba uzidi kipenyo cha mti kwa inchi mbili hivi, ili ncha itokeze upande wa pili. Mwenye uzoefu anaweza kukata mti unaokaribia mara mbili ya urefu wa upanga wake kwa kuingia pande zote mbili. Kama ndiyo kwanza unaanza, usijaribu hilo peke yako. Bakia kwenye miti ambayo upanga unaivuka.

Mti wenyewe ni wa aina gani

Inchi 16 za msizi na inchi 16 za mkwaju ni kazi mbili tofauti kabisa. Msizi ni laini, cheni inazama na kutoa vipande vikubwa. Mkwaju ni mgumu mno: mashine ndogo itaunguruma, itatoa vumbi, upanga utapata moto na wewe utaanza kuukandamiza kwa mikono. Ukijikuta unakandamiza, ama cheni imeisha makali ama injini haitoshi.

Paini na misaipresi, kama ile ya misitu ya Lendu kule Zombo au mashamba ya paini ya Katugo, Nakasongola, hukatika kwa urahisi. Shida yake ni utomvu, unaoganda kwenye cheni na kwenye mfereji wa upanga. Injini ya kati inatosha, bora usafishe kila jioni.

Mkaratusi ndio mti ambao wengi wetu tunaukata kuliko wote, kwa nguzo, kuni na mbao. Ukiwa mbichi si mgumu sana kwa meno, ila shina lake lina mkazo mwingi ndani. Unapokata gogo lililolala, nyufa hufunguka na wakati mwingine mbao hujibana na kuushika upanga. Weka kabari za plastiki au za mti mfukoni, uzigongee nyuma ya upanga mara tu mkato unapokuwa na kina cha kutosha. Kabari ya chuma usiitumie karibu na cheni. Mkaratusi uliokauka ni habari nyingine: panda daraja moja la injini.

Mgrevilia, mfenesi na mwembe ni miti ya nyumbani. Hatari yake haiko kwenye ubao, iko kwenye misumari, waya wa kuanikia nguo na vyuma vya seng'enge ambavyo mti umevimeza kwa miaka mingi. Kabla ya kukata mti uliosimama uani, zunguka uutazame vizuri. Doa jeusi au la bluu kwenye gome au kwenye mkato mara nyingi ni chuma kilichooza ndani.

Mvule unahitaji heshima ya pekee. Ubao wake haushindi mkwaju kwa ugumu, lakini ndani yake hujengeka mawe ya chokaa, mengine madogo kama punje za mchanga, mengine ya kujaza kiganja. Mkato unakwenda vizuri, ghafla unasikia mlio wa kusaga, pengine cheche zinaruka, na meno ya upande mmoja yote yameondoka. Anayekata mvule abebe cheni ya akiba na tupa, na afunike pua na mdomo kwa sababu vumbi lake huwasha kifua na ngozi. Msaji, ambao umepandwa sana kaskazini, nao unakula makali haraka kwa sababu una silika ndani yake.

Kukata ni kazi moja, kupasua ni nyingine

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kukata gogo kwa mkingamo huchukua sekunde kadhaa, kisha injini inapumzika unaposogea. Kupasua mbao ni kutembeza cheni kwa urefu wa gogo lote, futi 10 au 14, mafuta yakiwa yamebonyezwa hadi mwisho dakika baada ya dakika. Jino linapambana na ncha za nyuzi, au linavuta nyuzi ndefu ambazo hujazana ndani ya kifuniko cha klachi. Joto linapanda. Mashine ya cc 45 (cc ni ujazo wa silinda ya injini) inayokata kuni miaka mitano bila tatizo inaweza kufa kwa siku chache za kupasua. Haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyo yake.

Kwa kupasua mbao, usishuke chini ya cc 70. Mashine kama Stihl MS 381 au MS 382 zina cc 72 na nguvu ya kilowati 3.9, Husqvarna 372 XP iko karibu na cc 71. Hizo zinaendesha upanga wa inchi 20 hadi 25 kwa gogo la kawaida. Magogo ya inchi 30 na kuendelea yanataka cc 90, mfano MS 661 yenye kilowati 5.4. Kuna pia ile Stihl 070 ya zamani ambayo wapasuaji wengi wa Afrika Mashariki waliifahamu: cc 106, inavuta kwa nguvu ikiwa kwenye mzunguko wa chini, lakini bila upanga tu inazidi kilo 10 na haina mpira wa kupunguza mtikisiko kama mashine za sasa. Ukiitumia miaka mingi vidole vinakufa ganzi, na ganzi hiyo huwa haiondoki. Mimi simshauri kijana aanzie huko hata akiuziwa kwa bei ya chini.

Ujue pia unachopoteza. Cheni kubwa huondoa takriban milimita 9 kila inapopita. Ukiwa na gogo lililochongwa mraba wa inchi 12 na unataka mbao za inchi moja, chenisoo itakupa mbao 9. Mashine ya ukanda, yaani ile ya kupasulia mbao yenye msumeno mwembamba kama utepe, inayokula milimita 3, itakupa 10 kutoka gogo lilelile. Robo nzima ya gogo lako inakuwa unga chini. Ndiyo maana nasema wazi: kama kuna mashine ya ukanda karibu na gari linaweza kufika, tumia chenisoo kuangusha na kukata magogo tu, mbao zipasuliwe kule. Kama gogo liko bondeni na hakuna njia, pasua hapo hapo, lakini funga fremu ya chuma kwenye upanga ili unene wa mbao ulingane. Wanunuzi wa Ndeeba, Kampala, hushusha bei ya mbao iliyonenepa upande mmoja na kukonda upande wa pili.

Sasa chagua injini

Kupogolea kahawa, kukata matawi ya mwembe, kuni nyembamba za nyumbani: cc 30 hadi 35, upanga wa inchi 12 au 14. MS 170, kwa mfano, ina cc 30 na uzito wa kilo 4 hivi. Mtu yeyote mzima anaweza kuishika bila kuchoka haraka. Zile za betri zipo na hazina kelele, zinafaa kwa kazi hii hii, mradi umeme wako ni wa uhakika.

Mkulima mwenye mikaratusi au migrevilia ya inchi 8 hadi 14, anayekata nguzo na kuni za kuuza: cc 45 hadi 50, upanga wa inchi 16, usizidi 18. Hapa ndipo watu wengi wa mashambani wanapaswa kuwa.

Anayekata kuni za shule au za kuchomea matofali, magogo ya inchi 14 hadi 18 kutwa nzima: cc 55 hadi 65, upanga wa inchi 18 au 20. Wapasuaji wa mbao nimeshawataja.

Jihadhari na namba zilizobandikwa. Mashine nyingi za bei nafuu huandikwa 5200 au 5800, na mnunuzi hudhani ni cc 52 na cc 58. Mara nyingi ujazo halisi uko chini ya hapo. Tafuta kilowati kwenye kibao cha mashine au kwenye kitabu chake. Kilowati ndizo zinazokata mti. Ukiona mashine ya kilowati 2 imefungwa upanga wa inchi 22, mwambie muuzaji akufungie wa inchi 16 au 18 na cheni yake. Mashine itakata haraka zaidi, na pampu yake ndogo ya oili itaweza kulainisha upanga wote hadi nchani.

Na mwinuko wa mahali uutie kwenye hesabu. Injini hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kampala iko karibu mita 1,200, Kabale karibu mita 2,000. Mashine iliyokuwa inatosha kwa shida Kampala itakuwa pungufu kwa asilimia 8 hivi ikifika Kabale, na vivyo hivyo ukipanda Kapchorwa. Mwambie fundi airekebishe kabureta hukohuko juu, maana hewa nyepesi huifanya ivute petroli nyingi kupita kiasi, itoe moshi na kuchafua plagi. Ukirudi bondeni irekebishwe tena. Injini iliyopunguziwa petroli kule juu ikifanyishwa kazi huku chini bila kurekebishwa, inaungua.

Upanga na cheni viongee lugha moja

Cheni ina vipimo vitatu, na vyote vitatu lazima vikubaliane na upanga na gia ya kuzungushia. Cha kwanza ni ukubwa wa cheni, yaani nafasi kati ya viungo vyake kwa inchi: 3/8 ndogo kwa mashine ndogo, .325 kwa za kati, 3/8 kamili kwa cc 60 hadi 90, na .404 kwa majitu. Cha pili ni unene wa vijino vya chini vinavyoingia kwenye mfereji wa upanga: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Cha tatu ni idadi ya vijino hivyo.

Kosa la kawaida ni kuvalisha cheni ya 1.5 kwenye mfereji wa 1.6. Inaingia vizuri, muuzaji anaridhika, lakini inayumba kila inapokata na mkato unapinda. Mifano: upanga wa inchi 20 wa Stihl wenye cheni ya 3/8 na 1.6 huchukua vijino 72. Zile mashine za 5200 zenye upanga wa inchi 20 mara nyingi huchukua cheni ya .325, 1.5, vijino 76. Inchi ni zilezile, lakini cheni moja haiwezi kuvalishwa kwenye nyingine. Namba hizi husomeka kwenye mkia wa upanga, karibu na pale unapofungwa. Zipige picha kwa simu ukiwa bado dukani.

Tupa nayo hufuata cheni: milimita 4.0 kwa 3/8 ndogo, 4.8 kwa .325, 5.2 kwa 3/8 kamili, na 5.5 kwa .404. Noa kwa pembe ya nyuzi 30 kama unakata magogo. Kama unapasua mbao, punguza hadi nyuzi 10. Mbao inatoka laini na upanga unakwenda moja kwa moja. Kile kinundu kilicho mbele ya kila jino kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Wengine hukipunguza mno kwa tupa ili mashine "ile" zaidi. Inakula kweli, lakini inaruka mkononi na kuipa injini mzigo usio wake.

Utajua cheni ina makali kwa kutazama kinachodondoka. Vipande vyenye umbo ni kazi nzuri. Ukikata kwa mkingamo na kinachotoka ni unga, zima mashine, noa.

Dukani, kabla ya kulipa

Nakala bandia za mashine zenye jina zimejaa sokoni, na nyingi zimepakwa rangi vizuri. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Stika peke yake haitoshi. Omba iwashwe ikiwa baridi. Iache ikae kwenye silensa, yaani iungurume taratibu bila kubonyeza mafuta: cheni isizunguke. Ikizunguka, ama silensa imepandishwa ama klachi ina shida. Bonyeza mafuta cheni izunguke, kisha sukuma breki ya cheni mbele kwa kifundo cha mkono. Cheni isimame hapohapo. Elekeza ncha ya upanga kwenye karatasi au boksi jeupe, iongeze kidogo: mstari wa oili unapaswa kuonekana.

Kisha uliza spea. Kama muuzaji hana pistoni, klachi, filta na cheni ya mashine anayokuuzia, na fundi wa mtaani kwako hajawahi kuifungua, tafuta nyingine. Kusubiri spea kutoka Kampala wiki mbili wakati wa kiangazi ni hasara kuliko tofauti ya bei.

Petroli ichanganywe na oili ya 2T. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita, yaani mililita 100 kwenye jerikeni ya lita 5. Kama ni 25 kwa 1, mililita 40 kwa lita. Changanya ya kutumia kwa siku chache tu. Na kwenye tangi la oili ya cheni, tafadhali usimimine oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari. Ina vipande vya chuma vinavyosaga pampu, na unairushia usoni na ardhini kutwa. Ukikosa oili ya cheni, SAE 30 mpya itafaa.

Mwili wako na watu walio karibu

Upanga mrefu kuliko mahitaji ni hatari kwa sababu ncha yake iko mbali na macho yako. Robo ya juu ya ncha ikigusa gogo jingine au tawi lililofichika, mashine nzima hurushwa kuelekea uso na shingo. Mikono yote miwili, kidole gumba cha kushoto kikizunguka mshikio, na kamwe usikate juu ya usawa wa bega. Kofia ngumu yenye wavu wa uso, vikinga masikio, gambuti yenye chuma kidoleni na suruali ya kuzuia cheni ni sehemu ya bei ya mashine; vihesabu tangu mwanzo. Watu, hasa watoto wanaopenda kuja kutazama, wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Usiende porini peke yako. Na ukibeba mashine kwa boda, upanga uvishwe ala yake na tangi lifungwe vizuri.

Ruhusa

Mti kuwa kwenye shamba lako hakumaanishi unaweza kuuangusha wakati wowote. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 inasimamia jambo hili, na mlango wa kuanzia ni ofisi ya afisa misitu wa wilaya. Kwa misitu ya hifadhi ya taifa ni NFA, Mamlaka ya Taifa ya Misitu. Uliza hasa kuhusu mvule na mahogani, na kuhusu vibali vya kusafirisha mbao, kabla ya kuwasha injini. Kama ulikuwa unanunua chenisoo kwa ajili ya mkaa wa kuuza kaskazini, Amri ya Rais namba 3 ya mwaka 2023 ilipiga marufuku biashara hiyo. Mti wa shea nakusihi uuache usimame. Mama zetu wanapata mafuta na ada za shule kutoka kwake, na huchukua miaka mingi sana kabla ya kuzaa.

Kama mti mkubwa ni mmoja tu

Kwa huo mwembe wa inchi 30 ulio uani, kodi mpasuaji mwenye mashine ya cc 70 au zaidi. Patana naye mapema, mbele ya mtu wa tatu: analipwa kwa mti au kwa idadi ya mbao, nani ananunua petroli na oili, mti utaangukia upande gani, nani anagharamia paa la jirani likiguswa, na matawi pamoja na mabanzi ni ya nani. Mabanzi ndiyo huleta ugomvi mara nyingi kuliko mbao zenyewe.